Si uzee tu: misuli ya wazee wetu, chakula, na hivi vidonge vya asili

Leo nataka tuongee habari za misuli, na hasa vile vitu vya asili ambavyo watu wanauziana siku hizi kwamba vinarudisha nguvu: manjano ya kwenye vidonge, komamanga, mlonge, mafuta ya samaki, kolajeni, kreatini na kadhalika. Swali hili nimeulizwa misibani, nimeulizwa harusini, nimeulizwa hata nikiwa kwenye foleni ya supamaketi. Mtu akishajua kwamba wewe ni muuguzi, anafungua mkoba na kukutolea chupa: "Hebu dada nisomee hii, inafaa?"

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mama yangu alipokuja kuishi nami hapa Uingereza alikuwa na miaka 71. Aliondoka Tanga mwezi wa Novemba, akashuka kwenye ndege na mkoba wake begani, hataki kusaidiwa. Kule nyumbani alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu, anafua, anafagia uwanja kwa fagio la njiti, anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi na kuinuka tena mara tatu nne kabla ya adhuhuri. Alipofika hapa sikumwacha afanye lolote. Mama pumzika, umehangaika maisha yako yote, sasa ni zamu yetu. Tukampa sofa, blanketi, televisheni na chai. Sisi watoto tuliona hiyo ndiyo heshima.

Kufika mwezi wa Machi alikuwa anashika meza ndipo ainuke. Alianza kusali kwenye kiti. Mimi nikasema ni baridi, kaka yangu akasema ni uzee, na shangazi kwenye simu akasema apelekewe dawa kutoka nyumbani. Usiku mmoja alishindwa kuinuka chooni, akajaribu kujivuta kwa kushika sinki, akaanguka. Namshukuru Mungu nyonga haikuvunjika, ilivunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Mimi mwanawe nimesomea uuguzi Dar es Salaam, nikasoma tena Uingereza, na kila siku kazini najaza fomu za kupima hatari ya wazee kuanguka. Wazee wa watu! Wa kwangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu na nilikuwa namletea chai.

NYAMA YA MWILI INAPOPUNGUA

Misuli ninayozungumzia ni ile iliyoshikana na mifupa, ile unayoiamrisha wewe mwenyewe: mapaja, makalio, mikono, mgongo. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo ni kama asilimia 40 ya uzito wote wa mwili. Kuanzia miaka ya thelathini inaanza kupungua pole pole, na ukivuka sitini inapungua kwa kasi zaidi, nguvu zikitangulia kuondoka kabla hata nyama yenyewe. Mwaka 1989 Mmarekani Irwin Rosenberg alipendekeza hali hii ipewe jina lake, sakopenia, kutoka maneno ya Kigiriki ya nyama na upungufu, kwa sababu aliona kitu kisicho na jina hakitibiwi. Ilichukua miaka mingi: ni mwaka 2016 tu ndipo Marekani ilipoipa namba yake katika orodha ya magonjwa.

Kupungua kidogo ni umri, hilo halina ubishi. Lakini kupungua kwa haraka, kama alivyopungua mama kwa majira moja ya baridi, si umri. Mwaka 2007 zilitolewa habari za watu wazima wenye afya njema, wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 tu kwa ajili ya utafiti. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku kumi! Sasa fikiria mzee wetu aliyekaa kwenye sofa miezi minne.

Habari njema ni kwamba msuli unajua kujitengeneza. Pembeni mwa kila uzi wa msuli kuna seli ndogo zimelala. Alexander Mauro alizigundua mwaka 1961 akichunguza msuli wa chura kwa darubini yenye nguvu sana. Msuli ukiumia, au ukifanyishwa kazi nzito kuliko ulivyozoea, seli hizi zinaamka, zinajigawa, na kuungana na uzi ule ili kuuziba na kuunenepesha. Kwa mzee zinakuwa chache na zinachelewa kuamka, lakini zipo. Zinachohitaji ni mambo mawili: kazi ya kuziamsha, na vifaa vya kujengea. Kila kitu cha asili utakachouziwa ukipime kwa swali hilo: je, hiki ni kifaa cha kujengea, au ni rangi tu ya kupaka ukuta ambao haujajengwa?

PIMA NYUMBANI LEO

Chukua kiti cha kawaida cha mezani kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa tena mara tano bila kujishika. Simama karibu naye na hesabu kwa saa. Ikizidi sekunde 15, wataalamu wa Ulaya wanahesabu kuwa nguvu za misuli zimepungua kiasi cha kutia shaka, na ni wakati wa kumwona daktari. Mama yangu alitumia sekunde 26, na mara ya tano nilimsaidia.

VITAMINI D, HASA KWA SISI

Kitu cha kwanza alichoagiza daktari kilikuwa kipimo cha damu cha vitamini D. Kilitoka 17. Hapa Uingereza ikiwa chini ya 25 unahesabiwa umepungukiwa. Watu wengi wanadhani vitamini D ni ya mifupa tu, kumbe ikikosekana sana misuli nayo inalegea, na inaanza na mapaja na nyonga: mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti kifupi, anapanda ngazi kwa kujivuta, anatembea akiyumba kama bata, na mifupa inamuuma uma huku vipimo vingine vyote viko sawa. Nimewaona wanawake wetu wengi wa miaka arobaini wakihangaika na maumivu haya miaka, wameshapewa kila aina ya dawa ya maumivu.

Kwa nini sisi? Vitamini D inatengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile anachotengeneza Mzungu, na ukijifunika buibui au koti jua halifiki. Tena hapa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua halina ule mwale unaotakiwa, hata liwake vipi. Kukaa dirishani hakusaidii, kioo kinauzuia mwale huo. Na ndugu zetu wa Muscat na Dubai msicheke: huko jua ni kali mno kiasi kwamba watu wanatoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi kuingia kwenye gari lenye kiyoyozi, na upungufu wa vitamini D kwa wanawake wa Ghuba ni jambo la kawaida kabisa.

Tangu mwaka 2016 ushauri rasmi wa Uingereza ni kwamba kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10, yaani yuniti 400, kila siku wakati wa vuli na baridi. Na mwenye ngozi nyeusi yenye asili ya Afrika, anayejifunika, au asiyetoka nje, ameze mwaka mzima. Kidonge hiki ni rahisi, hakifiki bei ya kikombe cha kahawa kwa mwezi ukinunua cha dukani kisicho na jina kubwa. Kwa wanaouliza kuhusu halali: vitamini D3 nyingi inatokana na mafuta ya sufu ya kondoo, lakini ganda la kapsuli mara nyingi ni jeletini, kwa hiyo soma karatasi au chukua vidonge vya kawaida visivyo na ganda. Ipo pia inayotengenezwa kutokana na mimea.

Lakini tahadhari. Aliyepungukiwa anafaidika, asiyepungukiwa hapati misuli zaidi kwa kuongeza. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2020, wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea kwa miaka mitatu, haukuona vitamini D wala omega-3 zikiwaongezea nguvu za miguu wale ambao wengi wao walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Na kumeza nyingi kwa mpigo ni hatari: huko Australia wanawake wazee walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, na matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yalionyesha walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Nasema hivi kwa sababu kuna tabia ya kuagiza zile sindano na vidonge vya yuniti laki kutoka nje na kugawana kama peremende. Dozi kubwa iandikwe na daktari baada ya kupima damu. Ukijinunulia mwenyewe usivuke yuniti 4,000 kwa siku.

SAHANI YA MAMA

Hapa ndipo palipo na uzito wote wa jambo, na hapa ndipo nilipoona aibu zaidi.

Msuli unajengwa na protini. Protini ya chakula inavunjwa tumboni kuwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na kimojawapo, leusini, ndicho kinachouambia msuli uanze kujenga. Kijana akila protini kidogo msuli wake unasikia. Msuli wa mzee ni kama mzee mwenyewe, masikio yamepungua, lazima umwite kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana, wakati ambapo hamu ya kula imepungua na meno yameondoka. Jopo la wataalamu lililokaa mwaka 2013 lilipendekeza mzee mwenye afya apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi kidogo akiwa anatoka kwenye ugonjwa. Mama ana kilo 60, basi ni gramu 60 hadi 72, na ni bora zigawanywe, kama gramu 25 kila mlo, kuliko kumpa nyama nyingi usiku baada ya siku nzima ya chai.

Nilikaa na karatasi nikaandika alichokula jana yake. Asubuhi chai ya rangi na vipande viwili vya mkate na siagi: gramu 5 au 6. Mchana wali, mchuzi wa nazi, na kipande cha samaki ambacho nusu alimpa mjukuu: tuseme 15. Alasiri chai na kaimati. Usiku muhogo wa nazi kidogo na chai, "sitaki kulala na tumbo zito". Jumla haikufika gramu 30. Nyumba ina friji imejaa, na mama anakula kama mtu aliyekosa.

Na haya si ya mama yangu peke yake. Angalia meza zetu: wali, ugali, chapati, mihogo, viazi, tambi, maandazi. Vizuri vyote, lakini ni wanga. Mahindi yana upungufu wa asidi amino mbili muhimu, mojawapo ni lisini, na maharage yana lisini tele. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma kemia ila walijua wanachofanya. Wali na maharage, ugali na kunde, chapati na dengu, mbaazi za nazi na mkate wa mofa: hizi ni dawa za asili za misuli na hazikuja na chupa.

Ukitaka hesabu ya haraka ya jikoni: yai moja lina gramu 6 au 7. Glasi ya maziwa au mtindi, 8. Kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa, 13 hadi 15. Kipande cha samaki au kuku kama kiganja cha mkono, gramu 100 baada ya kupikwa, 22 hadi 30. Kopo la sadini ni rahisi na lina omega-3 ndani yake. Dagaa wakavu wanaouzwa kwenye maduka ya Kiafrika, tena usiwadharau, hao wana protini na kalisi pamoja kwa sababu unawala na mifupa. Mama sasa asubuhi anakula mayai mawili na glasi ya maziwa, mchana samaki wake (mjukuu ana wa kwake) na kunde, usiku mtindi na kuku aliyechambuliwa vidogo vidogo au maharage yaliyopondwa. Tumefika gramu 70 bila kununua unga wowote. Maziwa yakimvuruga tumbo mzee, kama wengi wetu yanavyotuvuruga, mtindi huwa unakubalika zaidi.

Mwezi wa Ramadhani ndio unaoniumiza kichwa, kwa sababu futari zetu zote ni wanga juu ya wanga. Anza na tende na maji, sawa, uji sawa, lakini weka mayai, samaki au maharage hapo hapo kwenye futari na tena wakati wa daku. Mzee anayefunga akila viazi vitamu na chai peke yake kwa siku 30, anamaliza mwezi miguu imekwisha.

Onyo moja kubwa: wazee wetu wengi wana kisukari na presha, na figo zao zimeguswa. Ukiwa na ugonjwa wa figo usiongeze protini kabla ya kuuliza daktari wako.

Mlonge? Majani yake ni mazuri, lakini kijiko cha unga wake, gramu 8 hivi, kina protini gramu 2 tu. Supu ya kongoro na kolajeni ya unga inayouzwa ghali? Kolajeni ni protini pungufu, haina kabisa triptofani na leusini yake ni kidogo. Supu inywe, ni tamu na inachangamsha, ila usiihesabu kuwa ndiyo nyama ya siku.

KREATINI SI YA VIJANA WA JIMU TU

Kati ya vyote vinavyouzwa kwenye makopo, hiki ndicho ninachokiheshimu zaidi, na ndicho watu wanachokiogopa zaidi. Kreatini si steroidi wala homoni. Mfaransa Chevreul aliigundua kwenye nyama mwaka 1832. Mwili wako unatengeneza kama gramu moja kila siku katika ini na figo, nyingine unapata kwenye nyama na samaki, na karibu yote inahifadhiwa kwenye misuli ambako inasaidia kurudisha haraka nguvu ya kazi fupi nzito, kama kuinuka kitini au kupanda ngazi. Asiyekula nyama anakuwa na akiba ndogo.

Tafiti nyingi za watu wazima wa makamo na wazee zimeonyesha kwamba wanaokunywa gramu 3 hadi 5 kwa siku huku wakifanya mazoezi ya uzito wanaongeza nyama kwa zaidi kidogo ya kilo moja kuliko wanaofanya mazoezi peke yake. Kilo moja si muujiza, lakini kwa mzee ni tofauti ya kujiinua na kuinuliwa. Bila mazoezi faida ni ndogo mno. Nunua ile ya kawaida inayoitwa kreatini monohidrati, haina haja ya ile ya bei mbaya. Inayouzwa inatengenezwa kiwandani bila mnyama, hivyo suala la halali halina shida isipokuwa iko ndani ya kapsuli. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza. Na ukienda kupima damu mwambie daktari unakunywa kreatini, kwa sababu inapandisha kidogo kipimo cha kreatinini na anaweza kudhani figo zako zimeharibika.

KOMAMANGA, MANJANO NA WENZAKE

Hapa nitapita haraka. Komamanga na jozi zina vitu ambavyo bakteria wa matumbo huvigeuza kuwa urolitini A, na hiyo inaonekana kusaidia vile vinu vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli za misuli. Shida ni kwamba si kila tumbo lina bakteria hao. Sasa inauzwa yenyewe kwenye vidonge, na bei yake inatoa machozi. Mwaka 2022 zilitoka habari za wazee 66 wa Marekani waliopewa kwa miezi minne: misuli ilichelewa kidogo kuchoka, lakini umbali waliotembea kwa dakika sita haukuwazidi waliomeza kidonge kitupu. Kula komamanga lako kwa raha, hela ya vidonge nunua samaki.

Maganda ya tufaha yana asidi inayoitwa ursoliki, na nyanya mbichi zina tomatidini. Mwaka 2011 na 2014 watafiti wa Iowa walionyesha zote mbili zinakuza misuli. Ya panya. Mimi na wewe bado tunasubiri.

Mafuta ya samaki: utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2015 uliwapa wazee kwa miezi sita na mapaja yao yakaongezeka asilimia 3 na ushei, lakini ule mkubwa wa Ulaya niliousema juu haukuona kitu. Kula vibua au sadini kila wiki, inatosha kwa wengi.

Manjano yanapunguza kidogo maumivu ya misuli baada ya kazi nzito. Ya kwenye mchuzi hayana neno. Ya kwenye kapsuli ni jambo lingine, kwa sababu yamekolezwa na kuchanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe mara nyingi zaidi. Italia mwaka 2019 na Australia mwaka 2023 zilitoa tahadhari kuhusu watu walioumia ini kwa vidonge hivi. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa navyo vimeumiza maini. Na mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini asiguse kapsuli za manjano kabla ya kuuliza. Nilimhudumia mzee mmoja aliyekuja ametapakaa michubuko mwili mzima. Dawa zote alizitaja isipokuwa "zile za asili", kwa sababu kwake hizo hazikuwa dawa. Ukienda hospitali beba chupa zote kwenye mfuko, hata ya mafuta ya habasoda.

Vijana wanaonunua mtandaoni vidonge vya "asili" vya kuvimbisha mwili kwa wiki mbili, wajue kwamba vingi vya namna hiyo vikipimwa vimekutwa na steroidi zisizoandikwa kwenye lebo.

Jambo jingine linalowahusu wengi wetu tunaofanya kazi za kunyanyua wagonjwa au mizigo ghalani: ukiumwa misuli, ule uvimbe wa siku mbili za mwanzo ni sehemu ya matengenezo. Watafiti wa Sweden mwaka 2018 walionyesha vijana waliomeza ibuprofeni miligramu 1,200 kila siku kwa wiki nane walijenga misuli kidogo kuliko wengine. Ukizidiwa meza, lakini isiwe ada ya kila zamu. Hata vitamini C na E za dozi kubwa kila siku zimeonekana kupunguza faida ya mazoezi. Kula chungwa.

KAZI YA KUIAMSHA

Mwaka 1990 madaktari wa Boston waliandika habari za wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, umri kati ya miaka 86 na 96, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Waliomaliza waliongezeka nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Mimi niliposoma hayo chuoni niliyajibu kwenye mtihani nikapata maksi nzuri, kisha nikaenda kumkalisha mama yangu kwenye sofa.

Tulianza na kiti kile kile cha kipimo. Kusimama na kukaa mara nane, anapumzika, mara nane tena, siku tatu kwa wiki. Akishika sinki la jikoni ananyanyuka kwa vidole vya miguu. Akishazoea, anakumbatia chupa ya maji ya lita 2, ambayo ni kilo 2, anasimama nayo. Lazima iwe nzito kiasi kwamba mara mbili za mwisho anahema. Ikiwa rahisi, misuli haina sababu ya kuamka. Mwenye moyo, mwenye maumivu ya goti au aliyevunjika karibuni aanze na mtaalamu wa viungo, na hapa Uingereza daktari wako, yule GP, anaweza kukuandikia bure. Alikasirika mwanzoni. "Nimekuja Ulaya kufanywa askari?" Nikamrudishia kazi zake pia: kukanda chapati, kukunja nguo, kumwagilia maua ya nje. Niliagiza hata mbuzi ya kukunia nazi kutoka nyumbani, ingawa nazi ya kopo ipo.

Vitamini D alimeza dozi kubwa ya daktari kwa wiki kadhaa, sasa yupo kwenye ya kila siku. Kreatini aliikataa akasema ni unga wa wacheza mieleka, nami sikumlazimisha. Baada ya miezi minne kipimo cha kiti kilikuwa sekunde 14. Sajda ameirudia chini kwenye mswala, ila kuinuka bado anaweka mkono mmoja sakafuni.

Mwisho, haya usiyasubirishe kwa chakula wala mazoezi. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande au maneno kukwama, piga simu ya dharura ya nchi uliyopo saa hiyo hiyo. Miguu kulegea ghafla pamoja na kushindwa kuzuia haja, vivyo hivyo. Misuli kuuma sana na mkojo kuwa wa rangi ya chai nzito, hasa kwa anayemeza dawa za kolesteroli au aliyefanya kazi kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mzee anayepungua uzito bila kujitahidi apimwe kwanza kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu na mengineyo, ndipo mnunue mayai.